Nani Aruhusiwe Kuibishia Mashine?

Mhadhara kuhusu kuwafundisha wafanyakazi wa hospitali misingi ya akili mnemba, uliotolewa mbele ya watumishi wa afya, wanafunzi na wananchi mjini Tanga

   

 Mganga Mfawidhi wa hospitali hii aliponipigia simu aliniomba nizungumzie mustakabali wa akili mnemba katika tiba. Nilimwomba radhi, kwa sababu mustakabali una wasemaji wengi na wengi wao hawarudi kuulizwa. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, alisema mbele ya watu kwamba vyuo viache sasa hivi kufundisha wataalamu wa radiolojia, maana katika miaka mitano mashine itawapita. Mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na anastahili. Lakini nenda leo hospitali yoyote ya rufaa uulize kama wataalamu wa radiolojia wamezidi. Utaonyeshwa foleni.

Basi nimekuja na jambo dogo kuliko hilo. Lengo la mhadhara huu ni kueleza mtu anayefanya kazi hospitalini afundishwe nini kuhusu mashine hizi, na kwa nini. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: elimu ya msingi ya akili mnemba ni elimu ya kulipima neno la mashine, pamoja na ruhusa ya kulikataa, na inamhusu karani wa mapokezi kama inavyomhusu daktari bingwa. Nina hoja tano. Ya pili ina hesabu, kwa hiyo mwenye simu ataihitaji, ila si kwa ajili ya WhatsApp.

Hoja ya kwanza: mashine hujifunza kilichoandikwa

Nianze na pumu. Katika miaka ya 1990, huko Pittsburgh nchini Marekani, watafiti walichukua kumbukumbu za wagonjwa wa nimonia ili kompyuta ijifunze kubashiri nani yuko katika hatari ya kufa na nani anaweza kupewa dawa akarudi nyumbani. Mmoja wao, Rich Caruana, alitengeneza modeli iliyokuwa sahihi kuliko nyingine zote zilizoshindanishwa. Mtafiti mwingine katika mradi huohuo alitumia njia inayoonyesha kanuni zake waziwazi, na humo ikajitokeza kanuni ya ajabu: mgonjwa wa nimonia mwenye pumu ana hatari ndogo ya kufa kuliko asiye na pumu.

Naona wauguzi mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnajua kilichotokea kabla sijakisema. Wenye pumu walipofika na nimonia hawakukaa kwenye benchi. Walipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, wakahudumiwa haraka, wakapona kwa wingi. Kumbukumbu zilionyesha kwamba wamepona. Mbio za wauguzi hazikuonekana mle kwa namna ambayo kompyuta ingeelewa kuwa ndizo zilizowaponya. Mashine haikukosea hesabu hata kidogo. Kama ingesikilizwa, wenye pumu wangerudishwa nyumbani. Caruana alishauri modeli yake isitumike kwa wagonjwa, ingawa ndiyo iliyokuwa na alama za juu, kwa sababu kanuni kama hiyo ingeweza kuwa imejificha ndani yake bila mtu kuiona.

Mfano wa pili ni wa 2018. Watafiti walifundisha mashine kutambua nimonia kwenye picha za eksirei za hospitali mbalimbali za Marekani, ikiwemo Mount Sinai ya New York. Walipoichunguza waligundua kwamba imejua kitu kingine kabisa: kwa kuitazama picha tu iliweza kusema imetoka hospitali gani. Mafundi wa eksirei huweka alama ndogo ya chuma pembeni mwa picha, na kila hospitali ina alama yake. Kwa kuwa katika picha za Mount Sinai wenye nimonia walikuwa wengi kuliko kwingine, kuitambua hospitali kulisaidia kubahatisha ugonjwa. Ni kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mitihani ya nyuma: anapata A, na hajui somo. Ukiipeleka mashine ile hospitali nyingine, matokeo yake yanashuka.

Mfano wa tatu nitaupitia haraka. Mwaka 2019 ilibainika kwamba programu iliyotumika sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada ilikuwa inapima uhitaji wa mtu kwa gharama za matibabu yake. Fedha zilizotumika kumtibu mtu mweusi mgonjwa zilikuwa kidogo kuliko za mzungu mgonjwa kama yeye, basi mashine ikamwona mzima zaidi. Watafiti walikadiria kwamba dosari hiyo ikiondolewa, sehemu ya watu weusi kati ya wanaochaguliwa ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Rangi ya mtu haikuwemo kwenye programu. Fedha zilitosha.

Sasa turudi nyumbani. Data ya hospitali huzaliwa wapi? Huzaliwa dirishani, pale dada wa mapokezi anapouliza umri na bibi anajibu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa. Huzaliwa kwenye chumba cha daktari wakati homa inaandikwa malaria kabla kipimo hakijarudi. Huzaliwa kwenye vitabu vya takwimu za afya, vile vya MTUHA, na namna vinavyojazwa mwisho wa mwezi kila mmoja humu anaijua, sitasema zaidi. Siku hizi hupita pia kwenye mfumo wa kompyuta, kama GoTHOMIS, na ikishaingia humo inapata heshima ambayo kwenye daftari haikuwa nayo. Mashine itakayofundishwa kwa kumbukumbu hizo itajifunza mazoea yetu pamoja na magonjwa yetu, wala haitaweza kuyatenganisha.

Ndiyo maana nasema mafunzo yaanzie mapokezi. Mtunza kumbukumbu aonyeshwe mfano wa pumu, kisha aulizwe: katika kazi yako, ni kitu gani kinafanyika kila siku na hakiandikwi? Mtashangaa atakavyowajibu.

Hoja ya pili: «asilimia 90» ni ya nani?

Muuzaji wa programu akija hapa atasema chombo chake ni sahihi kwa asilimia 90. Wote tutaitikia kwa kichwa. Naomba jioni hii tusiitikie, tuhesabu.

Nachukua kifua kikuu kwa sababu ndipo teknolojia hii ilipopata kibali cha wazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kusoma picha za kifua wakati wa kuwachunguza watu wa miaka 15 na kuendelea, mahali pa msomaji binadamu. Kwa nchi yenye wasomaji wachache wa eksirei hilo ni jambo kubwa, na mimi naliunga mkono. Gari lenye eksirei linafika kijijini, mtu anapigwa picha, na muda mfupi baadaye kompyuta inatoa alama. Akishukiwa, anatoa makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, mashine yetu huwakamata 90 kati ya kila watu 100 wenye kifua kikuu, na kati ya kila 100 wasio nacho huwaachia 90 na kuwashuku 10 bure. Hiyo ndiyo asilimia 90 ya muuzaji, na tumempa ya upande wa wagonjwa na ya upande wa wazima.

Tuipeleke kijijini, ambako kila mtu anaitwa, mgonjwa na mzima. Wamekuja watu 1,000, na kati yao 10 wana kifua kikuu. Mashine inawakamata 9, mmoja anapita. Wamebaki 990 wasio nacho. Mashine inawashuku 99. Jumla ya walioshukiwa ni 108, na wagonjwa kweli ni 9. Mama mmoja ameambiwa mbele ya majirani zake kwamba picha yake ina shaka. Uwezekano kwamba anaumwa kweli haufiki hata mmoja kati ya kumi.

Sasa tuichukue mashine ileile, bila kubadilisha chochote, tuiweke kwenye kliniki ya watu waliokohoa kwa wiki kadhaa, wamekonda, wanatoka jasho usiku. Kati ya 1,000 wa hapa, tuseme 300 wana ugonjwa. Mashine inawakamata 270. Kati ya 700 wasio nao inawashuku 70. Walioshukiwa ni 340 na wagonjwa kweli ni 270, karibu wanane kati ya kila kumi.

Mashine ni moja, asilimia ni ileile, na neno lake lina uzito tofauti kabisa. Aliyelibadilisha ni mgonjwa aliyeketi mbele yake.

Watu wengi wakifika hapa wanaridhika na kufunga daftari. Naomba mgeuze ukurasa, kwa sababu kuna upande ambao kwa muuguzi una hatari zaidi. Vipi wale ambao mashine imesema hawana kitu? Kijijini imewaachia 892, na mmoja tu kati yao ni mgonjwa. Kliniki imewaachia 660, na 30 kati yao wana kifua kikuu na sasa wana karatasi inayosema wako salama. Kwa hiyo palepale ambapo «ndiyo» ya mashine inaaminika sana, «hapana» yake ndiyo ya kuogopa. Anayekohoa damu asirudishwe nyumbani kwa sababu kompyuta imempa alama ndogo.

Hesabu hii haihitaji kompyuta. Inahitaji kuzidisha na kutoa kwa kiwango cha darasa la saba. Nimeifundisha kwa maharage juu ya meza na watu wakaielewa kuliko walipoonyeshwa fomula. Kama ningepewa saa moja tu na wafanyakazi wa hospitali nzima, ningeitumia yote hapa.

Kuna jambo moja zaidi katika hoja hii. Programu za kifua kikuu hazisemi «ana» au «hana». Hutoa alama, na mtu fulani ameamua kwamba kuanzia alama hii kwenda juu mgonjwa apelekwe kupimwa makohozi. Mpaka huo ukishushwa, wagonjwa wengi zaidi watapatikana na katriji za GeneXpert zitaisha mapema. Ukipandishwa, katriji zitabaki na wagonjwa watapita. Mtu aliyewahi kutibiwa kifua kikuu ana makovu kwenye mapafu, na mchimbaji wa Mirerani aliyevuta vumbi la mwamba kwa miaka naye mapafu yake hayafanani na ya mkulima wa Lushoto. Mpaka uliowekwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine unaweza usifae hapa, ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linazitaka nchi ziupime upya kwa watu wao. Muuguzi anayefanya kazi na chombo hicho ana haki ya kuuliza: mpaka wetu ni upi, na nani aliuweka? Kama hakuna anayejua, basi uliwekwa na muuzaji.

Kukadiria vibaya kuna gharama nyingine, nayo ni kelele. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha tathmini ya programu iliyokuwa tayari imesambaa katika mamia ya hospitali za Marekani kutabiri sepsisi, yaani mwili unapozidiwa na maambukizi. Programu iliwakosa asilimia 67 ya wagonjwa wa sepsisi, na wakati huohuo ilipiga kengele kwa asilimia 18 ya wagonjwa wote waliolazwa. Mnaojua zamu ya usiku ya watu wawili kwa wodi nzima, fikirini kengele hiyo. Baada ya wiki moja hakuna atakayeinua kichwa.

Hoja ya tatu: chombo hupimwa kule kitakakotumika

Hii ni fupi. Kampuni ya Google ilitengeneza programu ya kusoma picha za ndani ya jicho ili kugundua madhara ya kisukari, na kwenye majaribio ilifanya kazi vizuri sana. Ilipopelekwa kwenye zahanati za Thailand, matokeo ya uchunguzi wa watafiti wa kampuni hiyohiyo, yaliyochapishwa 2020, yalikuwa na mambo ambayo hakuna aliyeyaandika kwenye mpango. Chumba hakikuwa na giza la kutosha, picha zikafifia. Mtandao ulikuwa wa kobe, na picha moja ilichukua muda mrefu kupanda. Mashine ilifundishwa kukataa picha isiyo safi, ikakataa asilimia 21 ya picha zilizopelekwa, na wagonjwa wakaambiwa waende hospitali nyingine siku nyingine, hata pale muuguzi alipoona kwa macho yake kwamba hakuna tatizo. Wauguzi ndio waliobaki kuwaeleza watu waliokuwa wameacha kazi zao.

Niongeze kifaa kisicho na akili mnemba ndani yake, kwa sababu kinafundisha jambo lilelile na mnacho mfukoni: kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Mwaka 2020, tena Michigan, wagonjwa ambao kibanio kilisema oksijeni yao ni kati ya asilimia 92 na 96 walipimwa pia kwa damu ya ateri, na vipimo viwili vikalinganishwa. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo hivyo ilificha oksijeni iliyoshuka chini ya 88. Kwa wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Kifaa hicho kilikuwa kwenye vidole vya dunia nzima kwa miongo kadhaa. Basi mtu akileta chombo kipya, swali la kwanza liwe hili: kilijaribiwa kwa nani, na wapi? Swali hilo halina utovu wa adabu. Aliyekileta ajizoeze kulijibu.

Hoja ya nne: mashine ambayo imeshaingia bila kibali

Wakati bodi ya hospitali inajadili kama inunue akili mnemba, akili mnemba imeshapanda daladala asubuhi na kuingia wodini ndani ya mifuko ya wafanyakazi. Nazungumzia ChatGPT na jamaa zake. Siombi mtu anyooshe mkono, Muuguzi Mkuu yupo.

Mfanyakazi aelezwe kwanza inafanyaje kazi, kwa maneno ya kawaida. Programu hizi zimesoma maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukisia kipande cha neno kinachofuata, kisha kinachofuata, mpaka jibu likamilike. Kwa sababu zimesoma mengi, mara nyingi jibu ni zuri, na wakati mwingine ni zuri kuliko letu. Lakini dozi sahihi na dozi ya kubuni hutoka kwa sauti ileile ya uhakika. Daktari mwanafunzi asiyejua hubabaika, na kubabaika kwake kunamwokoa mgonjwa. Mashine haibabaiki.

Hata zile zinazogeuza sauti kuwa maandishi, ambazo wengi huziona hazina madhara, zina mambo. Utafiti wa 2024 juu ya programu ya Whisper uliona kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti, programu iliandika maneno au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezitamka, hasa pale msemaji aliponyamaza kwa muda. Asilimia 1 inaonekana ndogo mpaka uhesabu maelezo ya wagonjwa wanaoonwa hapa kwa mwezi.

Tena programu hizi zimesoma Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo. Mgonjwa wetu anakuja na kichomi, mchango, presha ya kushuka, tumbo linalounguruma, «UTI sugu» aliyoambiwa na jirani. Muuguzi wa Pangani anajua kwamba bibi akisema mwili wote unawaka moto, si lazima ana homa. Ujuzi huo haumo vitabuni, na usitegemee kuukuta kwenye programu iliyolishwa vitabu.

Halafu kuna siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti na kuweka masharti ya kuzitoa nje ya nchi. Kupiga picha faili lenye jina na kulituma kwenye programu ya bure ambayo kompyuta zake ziko ng'ambo ni kosa, hata kama nia ilikuwa kumsaidia mgonjwa. Lakini kubandika tangazo la «MARUFUKU» ukutani hakutatui kitu. Mtu aliyebaki peke yake saa tisa usiku atauliza popote. Hospitali iseme wazi ni programu gani inaruhusiwa, kwa maswali gani, bila jina wala namba ya mgonjwa, na dozi yoyote ihakikishwe kwenye Mwongozo wa Taifa wa Matibabu kabla sindano haijavutwa.

Hoja ya tano: mafunzo bila mamlaka ni maonyesho

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Tuseme tumemfundisha muuguzi yote niliyoyasema. Anajua hesabu ya watu elfu, anajua habari ya pumu. Usiku mmoja kompyuta inasema mgonjwa wa kitanda cha nne yuko salama, na yeye anaona hayuko salama. Afanyeje? Akimpigia daktari simu, atasikilizwa au ataambiwa «mashine imesema nini»? Na ikitokea mgonjwa amefariki, nani ataitwa kujieleza: aliyeifuata mashine au aliyeikataa?

Hospitali isiyokuwa na jibu la maandishi kwa swali hilo, semina zake ni za picha za ukutani. Watu ni werevu. Wakiona kwamba anayeikataa mashine anaandikiwa barua ya kujieleza na anayeifuata hakosi usingizi, wataifuata hata pale wanapojua kwamba inakosea. Huko Umoja wa Ulaya, tarehe 2 Februari 2025 sheria ilianza kuzitaka taasisi zinazotumia mifumo hii zihakikishe wafanyakazi wao wana uelewa wa kutosha kuihusu. Ni hatua njema. Lakini uelewa pekee haumpi muuguzi mdomo.

Naomba msinielewe kwamba nataka mashine zikataliwe. Mfano bora ninaoujua wa kuzitumia vizuri uko kwa jirani zetu. Mwaka 2025 kliniki za Penda Health, Nairobi, zikishirikiana na kampuni ya OpenAI, zilitoa ripoti ya jaribio katika kliniki 15 na mahudhurio ya wagonjwa 39,849. Programu ilikaa nyuma ya tabibu anapoandika, ikimwonyesha rangi: kijani hakuna neno, njano tafakari, nyekundu simama uangalie. Uamuzi ulibaki wa tabibu. Kwenye kundi lililokuwa na msaada huo makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Wenye chombo ndio walioshiriki kukipima, kwa hiyo tuyasome matokeo kwa jicho la pili, na idadi ya wagonjwa waliosema hawajapata nafuu haikutofautiana kati ya makundi kwa kiasi cha kutangazwa. Bado ni kazi ya maana. Kilichonivutia zaidi hakiko kwenye tarakimu hizo. Chombo kilipowekwa tu, mara nyingi matabibu waliiacha nyekundu ikiwaka. Miongoni mwa yaliyobadilisha hali ni matabibu wenzao kukaa nao na kuwaonyesha. Aliyefundisha alikuwa mtu wa kada ileile, mwenye foleni ileile.

Na upande wa pili wa shilingi hiyo uko Poland. Utafiti uliochapishwa mwaka huohuo wa 2025 uliwafuatilia madaktari waliozoea kusaidiwa na akili mnemba kutafuta vivimbe kwenye utumbo mpana. Walipofanya uchunguzi bila mashine, kiwango chao cha kuvipata kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 28.4 kabla ya mashine kuja hadi 22.4. Hao ni madaktari wazoefu. Kwetu, umeme ukikatika au mtandao ukilala, ni jicho la mtu litakaloendelea na kazi, kwa hiyo jicho hilo lisiachwe lilegee. Kila idara itakayopokea chombo cha aina hii iwe na siku zake za kufanya kazi bila hicho chombo.

Yafanyike nini

Wenyeji wangu, nimeona ratiba za mafunzo ya namna hii. Siku mbili hotelini, mgeni rasmi, chai na sambusa, posho, cheti. Sina ugomvi na sambusa. Lakini wanaokwenda ni wakuu wa idara, na mashine itakutana na wale waliobaki zamu.

Napendekeza dakika ishirini katika ripoti ya asubuhi, mara moja kwa wiki. Kila wiki kisa kimoja: leo pumu, wiki ijayo hesabu ya maharage, wiki nyingine simu na siri. Mwalimu awe mmoja wa wafanyakazi, na azunguke: fundi wa eksirei, mfamasia, mkunga, mtunza kumbukumbu. Fundi wa eksirei ataeleza alama yake ya chuma vizuri kuliko mimi.

La pili, liwepo daftari popote panapotumika mashine. Mfanyakazi akitofautiana nayo, anaandika tarehe, mashine ilisema nini, yeye aliona nini, na baadaye anajaza ukweli ulikuwa upi: makohozi yalionyesha nini, mgonjwa aliendeleaje. Asiulizwe kwa nini alibisha. Baada ya miezi kadhaa hospitali itakuwa na kitu ambacho muuzaji hana, yaani kumbukumbu ya namna mashine yake inavyofanya kazi kwa watu wa Tanga. Siku ya kuongeza mkataba, daftari hilo liwe mezani.

La tatu ni la Bodi. Mkataba wowote wa ununuzi uwe na kifungu kinachosema kwamba chombo kitajaribiwa hapa kwa wagonjwa wetu kabla malipo hayajakamilika, na waraka wa hospitali utamke kwamba mfanyakazi aliyeikataa mashine kwa sababu aliyoiandika hataadhibiwa kwa kukataa kwake.

Wanafunzi wa uuguzi, bado mpo? Vizuri. Ninyi mtaingia wodini mkiwa na vyombo ambavyo mimi sijaviona, na mitaala ya vyuo vyenu haitakuwa imevifikia. Nimewaachia katibu visa sita vya kufundishia, kwa Kiswahili, pamoja na ile hesabu. Nakala hazina hati miliki, zidurufuni, zisahihisheni, ongezeni visa vya wodi zenu. Muuguzi Mkuu ameniahidi kwamba ripoti ya asubuhi ya Jumatano ijayo itaanza na kisa cha pumu, na kwamba atakayekifundisha ni dada wa mapokezi.

 Mwenyekiti, naona mikono imeshanyanyuka. Naomba kipaza sauti kianze na yule mfamasia aliyekuwa anatikisa kichwa tangu hoja ya pili.